Samaki Mbwamwitu: Sura ya Jambazi, Roho ya Baba Mlezi, na Sababu Anazidi Kupotea

Kuna samaki ambaye ukiona picha yake usiku unaweza kuweka simu chini kwanza. Kichwa kikubwa kama cha bondia aliyestaafu, meno yametokeza nje hata akifunga mdomo, rangi ya kijivu kama lami iliyozeeka, halafu mwili mrefu wa kujipindapinda kama mkunga. Wazungu walimwangalia wakamwita mbwamwitu, na hakuna aliyebisha.

Lakini sura ni sura tu. Huyu msee ni mtulivu, hapendi kuzurura, anakula vitu ambavyo samaki wengine wanaogopa kugusa, na mayai yakitagwa yeye ndiye hubaki kuyalinda miezi mingi bila kuonja kitu. Shida ni kwamba tabia hizo hizo ndizo zinamfanya aishe haraka binadamu akianza kuvua ovyo. Hapa chini ni mambo yote muhimu unafaa kujua kumhusu.

Profaili yake kwa ufupi

- Jina la kisayansi: Anarhichas lupus. Carl Linnaeus wa Uswidi ndiye alimpatia hilo jina mwaka 1758. Lupus ni mbwamwitu kwa Kilatini.
- Majina ya kwao: Aisilandi wanamwita steinbítur, Norwei ni steinbit. Yote mawili yanamaanisha mng'ata mawe.
- Anakoishi: Atlantiki Kaskazini, pande zote mbili.
- Kina: kutoka maji mafupi ya karibu na ufuo hadi mita 500 hivi.
- Urefu: mkubwa kabisa hufika mita 1.5, yaani anakaribia urefu wa mtu mfupi.
- Uzito: mkubwa anaweza kugonga kilo 20.
- Umri: anaweza kupita miaka 20.
- Msosi: kaa, kome, konokono wa baharini, kiti cha pweza, na wale wadudu wa miiba.
- Familia: aina 5 pekee duniani. Tatu ziko Atlantiki Kaskazini, mbili ziko Pasifiki Kaskazini.

Anaishi wapi hasa?

Chukua ramani. Upande wa Amerika, anaanzia Grinilandi magharibi, anashuka Labrador na Newfoundland kule Kanada, anaingia Ghuba ya Maine na kufika karibu na Cape Cod, Marekani. Upande wa Ulaya yuko Aisilandi, visiwa vya Faroe, pwani yote ya Norwei, Bahari ya Barents hadi Bahari Nyeupe ya Urusi, halafu anashuka mpaka Uingereza.

Huko kote anakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari. Hana mfuko wa hewa tumboni, ule unaosaidia samaki wengi kuelea, kwa hivyo akiacha kuogelea anashuka tu. Pia hana mapezi ya tumboni. Kile ako nacho ni pezi moja refu la mgongoni linaloanzia nyuma ya kichwa mpaka karibu na mkia, na mwili wa kujipinda. Anateleza katikati ya mawe polepole, bila haraka ya mtu yeyote.

Keja yake ni pango au ufa kwenye mawe. Akipata yenye imemfaa, anarudi hapo hapo. Mchana unaweza kuona kichwa tu kimechungulia mlangoni kama soja wa usiku aliyechoka. Si samaki wa kufunga safari ndefu baharini kila msimu. Wengi hutembea tu kati ya mahali pa kula na mahali pa kuzalia.

Kumbuka hii stori ya keja, ju tutairudia tukifika kwa nyavu.

Mbona damu yake haigandi?

Maji anayoishi yanaweza kuteremka chini ya nyuzi 0. Unaweza kuuliza, sasa mbona bahari yenyewe haigandi? Ni chumvi. Maji ya bahari huganda karibu na nyuzi -1.9. Lakini damu ya samaki wengi haina chumvi nyingi hivyo, kwa hivyo ingeanza kuganda mapema, karibu na nyuzi -0.7. Hapo katikati ndipo kuna hatari: maji bado ni maji, lakini damu ingeshakuwa barafu.

Samaki mbwamwitu alitatua hiyo shida kwa protini maalum ndani ya damu. Kipande kidogo cha barafu kikianza kujitengeneza mwilini, hizo protini zinakishika na kukizunguka ili kisikue. Barafu haifutiki, inazuiwa tu kuongezeka. Hiyo inatosha kumweka mtu hai.

Na usidhani hii ni stori ya maabara pekee. Kuna samaki mwingine wa Atlantiki ya Amerika, wa ukoo wa karibu na huyu, mwenye protini za aina hiyo hiyo. Watafiti waliiga protini yake moja, wakaitengeneza kwa kutumia hamira, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukairuhusu itumike kwenye aiskrimu. Kazi yake ni ile ile ya baharini: kuzuia punje za barafu zisiwe kubwa, ili aiskrimu ibaki laini.

Meno: hapa ndipo kazi iko

Sasa tufike kwa mdomo. Mbele kabisa ako na meno marefu yaliyochongoka, ya kushika na kung'oa. Hayo ndiyo unayaona kwa picha. Lakini silaha kamili iko nyuma. Ndani ya mdomo, juu na chini, kuna meno mapana ya mviringo kama magego, na mengine yamepangwa kwenye paa la mdomo. Hiyo ni posho mill.

Anatumia yale ya mbele kubandua kome kwenye jiwe, kisha anasukuma nyuma na kusaga. Gamba, miiba, nyama, vyote vinapondwa pamoja. Mashavu yake ni manene hivyo ju yamejaa misuli ya taya.

Ukisaga mawe kila siku, meno yataisha. Kwa hivyo kila mwaka hubadilisha. Yale ya zamani huanguka, mapya huota na kukomaa. Wakati huo hali sawasawa, anakonda, anangoja. Meno yakikaza, anarudi mezani.

Wavuvi wa kaskazini wanajua hayo meno vizuri. Akitolewa majini anang'ata chochote kilicho karibu: kiatu, ubao, mkono. Lakini ndani ya maji, wapiga mbizi humkaribia na kumpiga picha akiwa ametulia tu mlangoni kwake. Usimchokoze, na yeye hana haja na wewe.

Msosi wake unasaidia bahari aje?

Umewahi kukanyaga yule mdudu wa miiba baharini, mweusi, wa mviringo kama nungunungu mdogo? Kama umeogelea Pwani unamjua, au unajua mtu aliyetolewa miiba kwa mguu. Samaki mbwamwitu anawatafuna kama njugu.

Hii ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kule kwenye maji baridi kuna misitu ya mwani mkubwa, mimea mirefu inayosimama kutoka chini kama shamba la miwa. Ndani yake samaki wadogo hujificha, kaa hukua, kila mtu hupata mahali. Sasa hao nungunungu wa baharini hula mwani. Wakiwa wachache hakuna noma. Wakizidi, wanafyeka msitu mzima na kuacha mawe matupu.

Hii imeshuhudiwa Ghuba ya Maine. Baada ya chewa wa Atlantiki na samaki wengine wakubwa kuvuliwa mpaka wakabaki wachache, nungunungu walijaa na mwani ukaliwa sehemu nyingi. Samaki mbwamwitu hakuwa mlinzi wa pekee, lakini alikuwa kwenye hiyo mbogi ya walinzi.

Na hapa kwetu tuna kesi inayofanana kabisa, tofauti ni joto la maji na sura ya mlinzi. Kwenye matumbawe ya Kenya, anayetafuna nungunungu sana ni kikande. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amesoma matumbawe yetu tangu miaka ya 1980, alionyesha na wenzake kwamba mahali kikande wamevuliwa wakaisha, nungunungu huongezeka na kuanza kukwangua matumbawe. Mahali pamelindwa, kama hifadhi za baharini za Malindi, Watamu na Kisite, kikande wapo na nungunungu ni wachache. Ukitoa mlaji mmoja, nyumba ya wote inaharibika. Bahari ya baridi na ya joto zote zinafuata hiyo sheria.

Mapenzi na malezi: mzae wa kweli

Hapa ndipo wengi hushangaa. Samaki wengi huzaa hivi: dume na jike wanamwaga mayai na mbegu kwenye maji, kila mtu anaenda zake. Chewa mmoja mkubwa wa Atlantiki anaweza kutaga mamilioni ya mayai na asiangalie nyuma. Ni kama kununua tiketi milioni za bahati nasibu. Hata zikipotea karibu zote, chache zitashinda.

Samaki mbwamwitu anacheza tofauti. Kwanza, dume na jike hukaa pamoja kwa muda kabla ya kuzaa, kwenye pango moja. Pili, mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, kitu ambacho si kawaida kwa samaki wa mifupa. Tatu, jike anataga mayai elfu kadhaa tu, na makubwa ajabu. Kila yai lina kipenyo cha karibu milimita 6, kati ya makubwa zaidi kwa samaki wa mifupa. Pima hiyo na punje ya ndengu.

Mayai yakishatoka yanashikana pamoja na kuwa kama mpira mmoja. Kuanzia hapo jike anaenda zake, na zamu ni ya mzae. Anajikunja kuyazunguka na kuyalinda. Anakaa hapo hadi miezi minne au zaidi, kutegemea baridi ya maji. Haendi kutafuta chakula. Adui akikaribia, yale meno ambayo kwa kawaida hutumika kwa kome yanapata kazi nyingine.

Maji yakiwa ya baridi sana mayai yanaweza kuchukua hata miezi 9 kuanguliwa. Vifaranga wakitoka tayari ni wakubwa, karibu sentimita 2, na kwa mwanzo wanakaa karibu na chini pale pale walipozaliwa wakitumia kiini cha yai walichobeba. Kwa mtoto wa samaki, hiyo ni kuanza maisha na mtaji.

Lakini usisahau upande wa pili. Mpaka naye awe mzazi, inamchukua miaka 6 au zaidi, na kwenye maji ya baridi kali hata karibu miaka 10. Kwa hivyo mahesabu yake ni: watoto wachache, malezi mazito, utu uzima unachelewa. Kwa maelfu ya miaka hiyo ilifanya kazi poa, ju mtu mzima mwenye hayo meno ndani ya pango hakuwa na maadui wengi.

Halafu nyavu zikaja.

Sasa mbona anapungua?

Mara nyingi hakuna hata anayemtafuta. Meli zinaenda kuvua chewa na samaki wengine wa chini, zikitumia nyavu za kukokota. Huo ni mfuko mkubwa wa nyavu ambao mdomo wake wa chini umefungwa vitu vizito ili ulale kwenye sakafu ya bahari, halafu meli inauvuta kwa kilomita nyingi. Unakusanya kila kitu kilicho njiani, na mawe yanasukumwa na kugeuzwa.

Rudi kwa ile stori ya keja. Samaki wa kuelea akiskia nyavu anaweza kukimbia. Huyu wetu akiskia hatari anafanya nini? Anabaki kwa pango. Kama ni msimu wa mayai, baba hawezi kuondoka hata kidogo. Nyavu zikipita, anaenda yeye, mayai yanatawanyika, na lile pango lenyewe linaweza kuwa limebomoka. Hiyo ni hasara ya vizazi viwili na nyumba kwa mpigo mmoja.

Na kupona ni pole pole. Ukitoa samaki anayetaga mamilioni, mwaka mmoja mzuri unaweza kurudisha wengi. Ukitoa huyu, unangoja watoto wachache wafikishe miaka yao 6 hadi 10 ndio waanze.

Marekani ndiyo mfano ulio wazi. Mwaka 1983 wavuvi wa biashara walileta ufuoni karibu tani 1,200. Kufika 2007 ilikuwa chini ya tani 100. Mwaka 2008 watetezi wa mazingira waliomba serikali imweke kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2009 ombi hilo lilikataliwa. Lakini tangu 2010, ukimvua kwenye maji ya New England ni lazima umrudishe.

Kanada nao walichukua hatua. Huyu wetu ako kwenye orodha ya wanaohitaji uangalizi maalum, na ndugu zake wawili wa Atlantiki, yule wa madoadoa na yule wa kaskazini, wako hatua mbaya zaidi. Hao wawili ukiwanasa unatakiwa uwarudishe majini.

Kuna kitu kizuri hapo. Unakumbuka hana mfuko wa hewa? Samaki wengi wakivutwa haraka kutoka kina kirefu, ule mfuko hufura na kuwaumiza vibaya. Huyu hana wa kufura. Mvuvi akimrudisha upesi, ako na nafasi nzuri ya kuishi. Kwa hivyo sheria ya kumrudisha si ya kujifurahisha tu, inaweza kuokoa samaki wa ukweli.

Tatizo lingine halirudishwi kwa mkono: joto. Ghuba ya Maine ni kati ya sehemu za bahari zinazopata joto haraka zaidi duniani, na huko ndiko mpaka wake wa kusini. Samaki aliyejengwa kuishi kwenye maji ya friza, tena asiyependa kuhama, hana sehemu nyingi za kukimbilia.

Aisilandi wanamla, na wanafanya aje?

Aisilandi ni stori tofauti kidogo. Huko steinbítur ni samaki wa kawaida sokoni, hasa eneo la Fiyodi za Magharibi. Nyama yake ni nyeupe, imara, yenye utamu kidogo, na inashangaza mtu? Muulize kaa na kome aliowala. Wanampika, na pia wanamkausha kwa upepo na kumla hivyo na siagi.

Zamani hata ngozi yake haikutupwa. Ni ngumu, haina magamba makubwa, kwa hivyo watu walishona viatu. Havikudumu sana, na inasemekana umbali wa njia za milimani ulihesabiwa kwa jozi ngapi za viatu vya ngozi ya samaki zitaisha kabla hujafika. Siku hizi ngozi yake imetumika kwa mikoba na mishipi.

Lakini hata wao walijifunza kwamba samaki huyu hana msamaha mkubwa. Látragrunn, magharibi mwa Aisilandi, ni mahali wengi huenda kuzalia, na sehemu yake imekuwa ikifungiwa uvuvi wakati wa mayai. Wazo ni rahisi: kula ukitaka, lakini usiingie chumbani wakati baba amelala juu ya mayai.

Maswali ya haraka

*Anaweza kushambulia mtu?*
Ukiwa unaogelea, hana shida na wewe. Ukimshika au ukimtoa majini, weka vidole mbali.

*Ni mkunga?*
Hapana. Umbo linafanana tu. Hata yule ndugu yake mrefu wa Pasifiki ambaye Wazungu humwita mkunga-mbwamwitu si mkunga.

*Tuko naye Kenya?*
Hatuna. Maji yetu ya Pwani ni ya joto sana kwake. Ukiona mtu anauza "samaki mbwamwitu wa Kilifi", hiyo ni biashara ingine.

*Ni haramu kumla?*
Inategemea nchi. Aisilandi na Norwei wanamvua na kumuuza. New England hawaruhusiwi kumweka.

*Kitu kimoja cha kukumbuka kumhusu?*
Kwamba hajawahi kuwa na mbio wala wingi. Alichokuwa nacho ni pango salama na baba asiyetoka mlangoni. Hivyo viwili vikiachwa, anajilea mwenyewe na kutunza msitu wa mwani bure. Vikikokotwa na nyavu, hayo meno yote hayamsaidii kitu.